Pete kwenye mtutu: kisa cha bunduki ya shambani, barabara ya Kasenga

Bunduki yenyewe ni ya komeo, kile chuma cha nyuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kufungua na kufunga mtutu, kaliba 9.3x62, mtutu wa sentimita 60 hivi, mbao za kitako zimekolea jasho na mafuta ya miaka mingi. Ukiitazama haraka huoni kasoro. Shika mtutu kwa vidole viwili, uvipitishe polepole kuelekea mdomoni: sentimita 5 kabla ya mwisho, vidole vinapanda kidogo, kisha vinashuka. Chuma kimevimba mzunguko mzima, kama pete iliyofichwa chini ya ngozi. Jicho linaikosa mpaka uulaze mtutu usawa wa dirisha. Hapo mstari wa mwanga unaokimbia juu ya chuma unajipinda pale pale.

Mwenye bunduki ni baba mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi. Ana shamba la mahindi upande wa barabara ya Kasenga, na karatasi zake za silaha na kibali cha uwindaji vimekamilika. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, mahindi yanapoanza kukaza punje, nguruwe pori hutoka vichakani na kuingia shambani. Aliyewahi kulima huko anaujua uharibifu wao: nguruwe haangushi hindi, anaangusha bua, anatafuna nusu, anahamia bua la pili. Asubuhi unakuta mistari mizima imelala. Kwa hiyo huyu baba hakwenda kutembeza bunduki. Alikwenda kulinda chakula cha nyumba yake.

Siku ya tukio alitoka mjini mchana na mwipwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, ile ya kwetu ya Februari isiyo na haraka. Bunduki ilisimamishwa nyuma ya gari chini ya turubai, haina risasi, mdomo ukiangalia juu. Ili maji yasiingie, baba alichana kipande cha kitenge, akakisokota, akakitia mdomoni mwa mtutu. Kwa kuwa barabara ina mashimo na alihofia kitambaa kitaruka njiani, alikisukuma ndani kwa kidole, halafu kwa kitako cha kalamu, akaacha ncha tu ikining'inia nje.

Walipofika alivuta ile ncha, kitambaa kikatoka, akakitia mfukoni. Kijana aliona kwa macho yake kitambaa kikitoka. Wote wawili waliridhika kwamba mtutu uko wazi. Baba akajaza risasi, wakaenda kukaa pembeni ya shamba.

Saa kumi na moja na nusu jioni nguruwe dume alitoka. Baba akalenga, akafyatua. Mlio ulikuwa mzito kuliko kawaida na kitako kilimpiga bega kwa nguvu isiyo yake. Nguruwe alikimbia bila alama. Kijana akasema, "Mujomba, hii mulio haiko ya siku zote." Baba akajibu, "Ni mvua hiyo, mwipwa wangu." Akaingiza risasi nyingine, akangoja. Namshukuru Mungu kwamba hakuna mnyama mwingine aliyetokea jioni ile.

Usiku, kwenye nyumba ya shambani, alianza kusafisha. Kitambaa cha kusafishia kilipita kwa kubana kama siku zote, halafu karibu na mwisho kikalegea ghafla, kisha kikabana tena. Alirudia, ikawa vile vile. Hapo aliacha, akafunga vitambaa vilivyochafuka ndani ya gazeti pamoja na ganda la ile risasi, akarudi navyo mjini. Hatua hiyo ndiyo iliyotuwezesha kukielewa kisa hiki. Wengi wangesugua mpaka mtutu ung'ae, na ushahidi wote ungeishia kwenye takataka.

Kabla bunduki haijafika mezani kwetu, maelezo yalikuwa yamekwisha kuwa mengi. Kaka yake alisema risasi zilikuwa za zamani na baruti imeharibika. Jirani alisema chuma kimechoka, bunduki ni ya zamani mno. Mwingine alisema lazima mdomo uligusa udongo mwekundu wakati wa kushuka garini. Wapo pia waliotaja wivu wa majirani wa shamba. Nayapitia yale ambayo chuma kinaweza kuyajibu.

Nianze na baruti. Risasi ya 9.3x62 inaruhusiwa kwa vipimo vya Ulaya kufikia shinikizo la bar 3900, na kilele hicho hutokea nyuma, risasi ikiwa ndiyo kwanza imeanza safari. Inapofika mdomoni, gesi imeshatanuka na shinikizo limeshuka sana. Kama baruti ingekuwa na kosa la kupita kiasi, nyuma ndiko kungelia: komeo lingekuwa gumu kufungua, kitako cha ganda kingepanuka, na fataki, kile kidude cha duara kinachogongwa na pini, ingekuwa imebanwa bapa au kuvuja moshi pembeni. Ganda lililokuwa ndani ya gazeti halikuwa na hata moja ya dalili hizo. Kingo za fataki bado za mviringo, alama ya pini safi katikati, shaba haina mkwaruzo wa kung'ang'ania. Baba mwenyewe alisema komeo lilifunguka kwa mkono mmoja. Baruti imetoka hapo bila lawama.

Chuma kuchoka? Kaliba hii ilibuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, na ziko bunduki za babu zetu zinazopiga mpaka leo. Mtutu uliochakaa hupoteza mifereji yake ya ndani na risasi zinaanza kutawanyika. Hauvimbi pete moja nyembamba mahali pamoja huku sehemu nyingine zote zikibaki sawasawa. Pete ya namna hiyo huonyesha mahali ambapo risasi ilikuta kitu njiani. Uvimbe ukiwa karibu na mdomo, kizuizi kilikuwa karibu na mdomo, na mtutu hauna namna ya kuficha jambo hilo.

Basi ni kizuizi gani? Udongo ulikuwa mtuhumiwa wa haki kabisa. Udongo mwekundu wa barabara ya Kasenga ukilowa unanata, na mdomo wa bunduki ukigusa ukingo wa mtaro mara moja tu unajichotea kizibo. Lakini udongo una mchanga, na mchanga unaoburutwa na risasi huacha mikwaruzo mirefu. Tulipomulika ndani ya mdomo kwa tochi hatukuiona. Kisha tukafungua gazeti. Kwenye kitambaa cha kwanza, katikati ya weusi wa baruti, kulikuwa na nyuzi fupi zilizoungua ncha, na mbili kati yake bado zilikuwa na rangi ya buluu.

Baba alinyamaza, akatoa mfukoni mwa koti lake la shambani kile kipande cha kitenge. Kilikuwa cha buluu na njano. Upande mmoja ulikuwa na ncha aliyoivuta. Upande wa pili haukuwa na ukingo wa kuchanwa kwa mkono, ulikuwa umekatika kwa kuvutwa, nyuzi zimerefuka na kunyongana. Sehemu ya chini ya kile kisokoto, ile aliyoishindilia kwa kalamu, ilikuwa imelowa na kubana. Alipovuta, kitambaa kichakavu kikakatika katikati. Nusu ikaja mkononi, nusu ikabaki ndani.

Swali ambalo kila mtu huuliza hapa ni moja: kitambaa ni laini, kinawezaje kuvimbisha chuma kinachostahimili bar elfu kadhaa? Inafaa kulijibu kwa utulivu, kwa sababu humo ndimo watu wanamofia.

Kichwa cha risasi hii kina uzito wa gramu 18.5 hivi, na kinatoka kikikimbia kama mita 720 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, sentimita 5 za mwisho zinapitwa kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwenye muda wa namna hiyo hakuna kitu laini. Kitambaa hakina nafasi ya kusogea wala kukunjika. Uzito wake wenyewe unakuwa ukuta, na kikiwa kimelowa uzito huo umeongezeka. Risasi inapunguzwa kasi ghafla, huku nyuma yake safu nzima ya gesi ikiwa bado inakuja mbio, haina habari kwamba mbele kumezibwa. Gesi inarundikana nyuma ya risasi mahali pamoja kwa kufumba na kufumbua, na kichwa cha risasi nacho kinajikandamiza na kupanuka. Chuma cha mtutu karibu na mdomo ni chembamba kuliko cha nyuma, kwa sababu kiwanda hakikutegemea shinikizo kubwa huko. Kinasukumwa nje, kinafanya pete. Kizuizi kingekuwa kirefu zaidi, au kingekuwa kwenye mtutu mwembamba wa bunduki ya marisawa ya kaliba 12, tungekuwa tunazungumzia mtutu uliopasuka na mkono wa kushoto wa mtu.

Na sasa lile ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki. Baba huyu hakuwa mzembe. Alikuwa na nia njema ya kuitunza bunduki yake, na kilichokaribia kumuumiza ni chombo cha utunzaji wenyewe. Chochote kinachoingizwa ndani ya tundu la mtutu kinategemea kukumbukwa, na tena kukumbukwa kikamilifu. Yeye alikumbuka, akavuta, na bado haikutosha. Kinga ya mdomo wa bunduki inapaswa kukaa nje, iwe nyembamba, na iwe ya aina ambayo hata ukiisahau ukafyatua, hakuna kitakachotokea.

Kinga hiyo ipo, na hapa Lubumbashi inauzwa kila duka la vifaa vya umeme: tepu nyeusi ya mafundi umeme. Unakata kipande cha urefu wa vidole viwili, unakilaza juu ya mdomo wa mtutu bila kukibonyeza kiingie ndani, unashusha ncha zake pembeni, kisha unazungusha kipande cha pili kuuzunguka mtutu ili kushikilia zile ncha. Tabaka moja juu ya tundu linatosha. Ukifyatua, risasi inaanza kwa kuisukuma hewa yote iliyomo ndani ya mtutu, na hewa hiyo inaipasua tepu kabla risasi haijafika. Askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia walivalisha midomo ya bunduki zao kondomu kwa sababu hiyo hiyo. Kidole kilichokatwa kwenye glavu nyembamba ya hospitali nacho kinafanya kazi, ingawa jua la kwetu linakikausha na kukipasua upesi.

Kuna mipaka yake. Bunduki yenye kipunguza-teke mdomoni, kile chenye matundu pembeni, hewa yake inatorokea kwenye matundu hayo kabla ya kufika mbele, hivyo tepu inaweza kuguswa na risasi yenyewe. Mwenye bunduki hiyo aipime kwanza kwenye shabaha ya karatasi, asingoje mnyama. Tepu pana za kijivu zinazofungiwa mabomba ni nene na gundi yake ni mbaya, usizikunje tabaka kwa tabaka mdomoni. Vifuniko vya mpira vya dukani viko vya namna mbili: vilivyotengenezwa kupigiwa risasi juu yake, na vya kutunzia stoo tu. Maelekezo kwenye pakiti yasomwe, na kama hayapo, kichukulie kuwa cha stoo.

Tepu isikae wiki nzima. Ukirudi nyumbani itoe, uache mtutu upumue, usafishe, upake mafuta kidogo. Unyevu uliofungiwa ndani unakula chuma vizuri kuliko mvua yenyewe. Kwenye bunduki ya huyu baba jambo hilo lilikuwa limeandikwa tayari: ndani ya mdomo, sentimita mbili tatu za mwanzo, kulikuwa na duara la kutu la rangi ya kahawia na vishimo vidogo, mahali ambapo kitambaa kimekuwa kikikaa msimu baada ya msimu kikiwa kimelowa kama sifongo. Vishimo viwili vilikuwa vimekula mpaka ukingo wenyewe wa mdomo. Ukingo huo ndio mahali pa mwisho mtutu unapoishika risasi. Ukiwa na pengo upande mmoja, gesi inatorokea upande huo kwanza na kuisukuma risasi kombo. Kumbe kwa miaka kadhaa alikuwa akilalamika kwamba darubini yake haishiki shabaha, na alikuwa amekwisha kuibadilisha.

Mvua nayo isisingiziwe kupita kiasi. Tundu la milimita 9 halizuii maji. Ukielekeza mdomo chini na kufungua komeo kidogo ili hewa iingie nyuma, yanatoka. Hatari iko kwenye tundu dogo la milimita 5 na nusu hivi, ambamo maji yananing'inia yasidondoke, hasa nyuma kukiwa kumefungwa. Kwa kaliba hizo ndogo, kufungua komeo na kuelekeza mdomo chini baada ya mvua ni lazima.

Kiangazi pia kina yake. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi ni baridi kweli, na bunduki iliyolala nje ikiingizwa kwenye gari lenye joto au jikoni inatoka jasho nje na ndani. Agosti na Septemba mapori yanachomwa, na majivu pamoja na vumbi jekundu huingia mdomoni na kuganda kwenye mafuta kuwa uji unaosaga chuma. Tepu ile ile inasaidia miezi yote. Na bunduki inayosimama stoo mdomo wazi inakaribisha nyigu wa udongo, ambao hawabagui kati ya mwanzi na mtutu. Kizibo chao kikikauka ni tofali.

Hata hivyo tepu peke yake isingemwokoa mtu ambaye tayari ana kitu ndani. Ukaguzi ndio ungemwokoa, na kwa bunduki ya komeo ukaguzi ni jambo la pumzi mbili: toa komeo, chungulia kutoka nyuma, uone duara la mwanga lililo kamili. Tulichomshauri ni kusafiri na komeo likiwa limetolewa, limefungwa kwenye kitambaa ndani ya mfuko wake wa koti. Bunduki bila komeo haipigi, na hilo peke yake ni usalama mkubwa kwenye gari lenye watu. Zaidi ya hapo, akifika shambani hawezi kujaza risasi mpaka alirudishe komeo, na wakati tundu la nyuma liko wazi mbele ya macho yake, kuchungulia hakumgharimu kitu. Ukaguzi unakuwa sehemu ya safari, hautegemei kumbukumbu ya mtu aliyechoka na aliyelowa. Kijana aliposema mlio si wa kawaida, hapo pia komeo lilipaswa kutoka kabla ya risasi ya pili kuingia. Mlio uliobadilika, teke lililobadilika, risasi iliyopotea kusikoeleweka: lolote kati ya hayo linasimamisha uwindaji wa siku hiyo. Namsifu yule kijana kwa kuwa alisema. Kwetu mtoto kumwambia mjomba neno kama hilo mbele ya silaha si jambo dogo, na wajomba tuyasikilize.

Ikabaki bunduki. Baba aliuliza kama pete inaweza kugongwa kwa nyundo irudi ndani. Haiwezi. Chuma kilichonyooshwa kupita uwezo wake hakirudi kuwa kile cha mwanzo, na nyundo inaficha tu mahali pa kupasukia kesho. Njia zilikuwa mbili: mtutu mpya, au kukata sehemu yote iliyoumia na kutengeneza mdomo mpya. Mtutu mpya wa kaliba hiyo ni gharama na safari ndefu ya karatasi. Akachagua kukata, lakini kwanza alikwenda kwenye ofisi iliyotoa kibali chake kueleza badiliko hilo, ili vipimo vya bunduki visije vikatofautiana na vilivyoandikwa. Silaha za uwindaji nchini zina utaratibu wake tangu sheria za 1982 na 1985, na bunduki iliyofupishwa kimya kimya inaonekana ya jambazi hata kama mwenyewe ni mkulima.

Mji huu una utajiri ambao hatuutaji vya kutosha: mafundi wazee wa kuchonga vyuma waliokulia kwenye karakana za reli na za migodi. Mmoja wao, mstaafu wa Kamalondo, aliipokea kazi. Alikata sentimita 9, ili pete na kile kipande chenye kutu vyote viondoke pamoja na ziada ya usalama, na kilengeo cha mbele kikaenda nacho. Alipaka kwenye chuma kilichobaki ile rangi nyekundu inayopenya nyufa, ambayo waliitumia kukagua vipuri vya mashine, akafuta, akasubiri. Hakuna ufa uliojitokeza. Kisha akachonga ukingo mpya wa mdomo taratibu sana, akiupima kila mara, na mwisho akapitisha kipande cha pamba kuuzunguka: uzi ukinasa mahali, pana mwiba wa chuma. Haukunasa.

Risasi ya kwanza ilipigwa bunduki ikiwa imefungwa kwenye matairi ya gari, kifyatulio kikivutwa kwa kamba ndefu, watu wote nyuma ya kichuguu kikubwa. Komeo likafunguka laini, ganda likatoka safi. Baada ya hapo baba alilala chini akapiga kwenye karatasi umbali wa mita 100, nusu ya risasi akiwa na tepu mdomoni, nusu bila tepu. Zilikaa kundi moja, chini kidogo ya alama kwa sababu mtutu umefupika na kasi imepungua kiasi. Akasogeza darubini juu na kuifunga. Shabaha ambayo alikuwa ameikosa kwa miaka ilikuwa imerudi.